MIAKA YA RUBANI: NANI AIPANGE, NA KWA FAIDA YA NANI?



Katika mkutano mmoja wa tawi, huko Kanda ya Ziwa, tulikwenda kusema habari ya bei ya pamba na michango ya shule, tukaulizwa habari ya ndege. Aliyeuliza ni bibi mmoja wa umri wa miaka sabini hivi. Alisimama, akajifunga khanga yake vizuri, akasema: "Mimi nilipelekwa Dar es Salaam kwa ndege nikatibiwe macho. Nilipopanda nikamwona rubani ana mvi, nikamshukuru Mungu, nikasema leo tumepata mtu mzima. Lakini mjukuu wangu anayo leseni ya urubani. Baba yake aliuza kiwanja na ng'ombe ili asome, na sasa yuko nyumbani anaendesha bodaboda. Nasikia wakubwa wa ndege wanataka wazee waongezewe miaka. Ninyi watu wa chama mwasemaje? Nimfurahie yule mzee, au nimlilie mjukuu wangu?"

Watu walicheka na kupiga makofi. Lakini jibu hatukuwa nalo, na kumdanganya mama mzee mbele ya wajukuu zake ni jambo lisilofaa. Tulimwambia, Bibi, tupe muda tukatafute. Tumetafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata. Mengine yatawapendeza wanachama wetu, na mengine hayatawapendeza.

Habari aliyoisikia bibi ni ya kweli. Mwaka 2025 chama cha mashirika ya ndege ya dunia, kiitwacho IATA, kilipeleka ombi mbele ya ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga lenye makao yake Montreal, kwamba umri wa mwisho wa rubani katika safari za biashara za kimataifa uongezwe kutoka miaka 65 mpaka 67. Mkutano Mkuu wa ICAO wa mwaka ule haukukubali. Kwa hiyo sheria ni ile ile: ndege ikiwa na marubani wawili au zaidi, mwisho ni kabla ya kutimiza miaka 65, ikiwa na rubani mmoja tu, mwisho ni kabla ya 60. Safari za ndani ya nchi kila serikali hujipangia yenyewe, ila serikali nyingi hufuata nambari hizo hizo. Lakini mtu aliyekataliwa ombi mara moja haachi kubisha mlango, na hawa mabwana watarudi. Heri tuijue habari hii mapema.

Kwanza tuulize: hizi nambari zilitoka wapi? Wengi hudhani kwamba madaktari walikaa, wakapima mioyo na macho ya watu elfu, wakaona kwamba katika siku ya kutimiza miaka sitini kuna kitu kinakatika mwilini. La, sivyo ilivyokuwa.

Habari hii ilianza Marekani. Katika miaka ya 1950 shirika la American Airlines lilijitungia desturi ya kuwaondoa marubani wake wakifika miaka 60. Baadhi yao walikataa, wakapeleka shauri lao kwa msuluhishi kwa kufuata mapatano yao ya kazi, na wakashinda. Shirika halikutaka kuwarudisha. Mwishoni mwa mwaka 1958 marubani wa shirika lile waligoma, na mgomo ukaendelea mpaka Januari 1959. Katika mwezi huo huo wa Januari shirika likaanza kurusha ndege mpya za jeti, Boeing 707, na likawa linahesabu gharama ya kuwafundisha watu wazima kazi mpya ambayo wangeifanya kwa miaka michache tu kabla ya kuondoka.

Basi tarehe 5 Februari 1959 mkuu wa shirika lile, Bwana C. R. Smith, alimwandikia barua mkuu wa idara ya serikali ya usafiri wa anga, Jenerali Elwood Quesada, akimwomba serikali yenyewe iweke umri wa mwisho. Kabla ya mwaka kwisha sheria ikatangazwa, na kuanzia Machi 1960 hapakuwa na rubani wa shirika la abiria wa Marekani aliyeruhusiwa kuruka akiwa na miaka 60. Jambo ambalo tajiri alishindwa kulipata kwa msuluhishi, alilipata kwa sheria ya nchi. Jenerali Quesada alipoacha kazi ya serikali mwaka 1961 akawa mmoja wa wakurugenzi wa shirika lile lile la American Airlines. Hatusemi kwamba alihongwa. Tunasema tu kwamba viongozi wetu wanaopenda kwenda kukaa katika bodi za makampuni siku ya pili baada ya kuacha ofisi wajue kwamba watu wanahesabu siku.

Sababu iliyotolewa wakati ule ilikuwa ya usalama, na tuseme haki, haikuwa sababu ya kipuuzi. Walisema kwamba moyo wa mtu mzima waweza kusimama ghafla, na kwamba daktari hana njia ya kumpima mtu mmoja mmoja akajua nani ataanguka kesho. Hayo ni kweli, tutayarudia. Lakini nambari 60 yenyewe haikutoka kwa daktari. Ilikuwa nambari ya ofisi. Nambari hiyo ya ofisi ya Marekani ikasambaa, na baadaye ICAO nayo ikaichukua kuwa kanuni ya dunia. Mkataba wa Chicago, uliozaa ICAO, ulitiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944. Kutoka bara letu walialikwa Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya Makaburu. Sisi wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja hatukuulizwa neno, maana tulikuwa mali ya watu.

Sasa tazameni jinsi nambari hii ilivyogeuka baadaye, maana hapo ndipo pana fundisho kubwa kuliko yote. Chama cha marubani wa Marekani kiliipinga sheria ya miaka 60 kwa miaka ishirini. Kisha mwaka 1980 kikageuka, kikaitetea. Kwa nini? Kwa sababu wakati huo pensheni zilikuwa nzuri, na mtu alistaafu na miaka 60 akaenda kuvua samaki, na kijana aliyekuwa nyuma yake akapanda cheo. Wote waliridhika. Halafu zikaja taabu za baada ya mwaka 2001. Mashirika makubwa yakafilisika, na jambo la kwanza yaliloomba mahakamani ni kuachiwa mzigo wa pensheni. Marubani wa US Airways walipoteza mpango wao mwaka 2003. Mwaka 2005 ikawa zamu ya United, na kuanguka kwa pensheni za United kulikuwa kukubwa kuliko kote kulikowahi kutokea nchini kule mpaka siku hiyo. Idara ya serikali ya bima ya pensheni iliwalipa kidogo, na ikawapunguzia tena kwa sababu hesabu zake ziliwekwa kwa mtu anayestaafu na miaka 65. Fikirini, ndugu zangu! Serikali kwa mkono mmoja inamkataza mtu kufanya kazi baada ya 60, na kwa mkono wa pili inamkata pensheni kwa kuwa hakufanya kazi mpaka 65.

Hapo chama cha marubani kikageuka tena. Mwaka 2007 kilikubali miaka 65, na tarehe 13 Desemba mwaka ule Rais George W. Bush akatia sahihi. ICAO ilikuwa imekwisha kupandisha mwaka mmoja kabla, Novemba 2006, kwa sharti kwamba mmoja akiwa amepita 60 mwenziwe awe chini ya 60. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2014. Je, katika miaka hiyo mioyo ya marubani ilikuwa imegeuka kuwa ya chuma? Kilichogeuka ni mifuko. Mtu hakatai kupumzika. Anakataa kupumzika na njaa. Na mwalimu wetu yeyote aliyestaafu, akakaa miezi mingi akifuata mafao yake kutoka meza hii mpaka meza ile, hahitaji kuelezwa na sisi.

Basi je, kwa kuwa nambari ilitoka ofisini, ni uongo mtupu? Hapa ndipo tunapoachana na baadhi ya ndugu zetu wanaotaka kuifuta kabisa. Tuutazame mwili.

Tarehe 18 Juni 1972 ndege ya Kiingereza aina ya Trident ilipaa kutoka London kwenda Brussels. Haikumaliza dakika tatu angani. Ilianguka karibu na mji wa Staines, watu wote 118 wakafa. Uchunguzi uligundua kwamba vibawa vya mbele, ambavyo huisaidia ndege kukaa hewani ikiwa bado na mwendo mdogo, vilirudishwa mapema mno. Mwili wa rubani mkuu ulipochunguzwa ulikutwa na mshipa wa moyo uliochanika. Vipimo vya kawaida havikuwa vimeugundua ugonjwa wake. Kabla ya kupanda ndege alikuwa amegombana na mwenziwe kwa habari ya mgomo uliokuwa ukisemwa siku zile. Na msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 22.

Rubani yule alikuwa na miaka mingapi? 51. Sheria ya 60 isingemgusa, wala ya 65, wala ya 67.

Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 18 Aprili 1972, ndege yetu wenyewe, VC10 ya East African Airways, ilishindwa kusimama ilipoacha kupaa katika kiwanja cha Addis Ababa. Watu 43 walikufa. Tairi la mbele lilipasuka, na breki hazikushika sawasawa kwa kuwa sehemu yake moja ilikuwa imerudishwa kinyume wakati wa matengenezo. Tunaitaja ili mtu asidhani kwamba usalama wa ndege wote umo katika cheti cha kuzaliwa cha rubani. Fundi wa breki naye anabeba roho za watu, ila yeye hatumwoni tunapopanda.

Turudi kwenye moyo. Madaktari wa anga wana hesabu yao, na kwa kuwa sisi tulipita chuo cha ualimu, hesabu hatuiogopi. Wanasema rubani anayeruka na mwenziwe aweza kukubaliwa kama hatari ya kuzimia ghafla katika mwaka mzima haizidi 1 katika 100. Mwaka una saa 8,760. Tuseme 10,000 ili iwe rahisi. Kwa hiyo hatari ya saa moja ni kama 1 katika milioni. Katika safari fupi, dakika za hatari, yaani za kupaa na kutua, ni kama sehemu moja ya kumi. Na majaribio katika simuleta, zile mashine za kufundishia urubani ardhini, yameonyesha kwamba mmoja akizimia katika dakika hizo, mwenziwe huiokoa ndege mara 99 katika 100. Zidisheni. Mtapata kwamba ndege itaanguka kwa sababu hiyo kama mara moja katika saa milioni elfu.

Sasa mtoeni yule mwenziwe. Hatari inarudi kuwa 1 katika milioni kwa saa, yaani mara elfu zaidi. Ndiyo maana kanuni inamzuia rubani anayeruka peke yake akifika 60, lakini inamwacha mwenye mwenziwe mpaka 65. Kinga yenyewe ni mtu wa pili, na mtu wa pili aliyefundishwa. Mwezi Juni 2009 rubani mkuu wa Boeing 777 ya Continental, mtu wa miaka 60, alifariki katikati ya bahari ya Atlantiki, ndege ikitoka Brussels kwenda Newark na abiria 247. Wenziwe walishika kazi, wakaitua, na abiria wengi hawakujua kitu mpaka waliposhuka wakaona magari ya hospitali.

Hapa tuna neno na wakubwa wetu wa usafiri wa anga. Katika nchi yetu ndege ndogo za rubani mmoja zinabeba watalii na wananchi kwenda mbugani na visiwani kila siku. Tunataka kujua ni nani anayehakikisha umri na afya ya wanaoziruka. Abiria wa Mafia naye ana mama yake anayemngoja.

Lakini, mtasema, uzoefu je? Wahenga wamesema penye wazee hapaharibiki neno, na hatuwakatalii. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya US Airways ilipigwa na mabata bukini mara baada ya kupaa New York, injini zote mbili zikazimika. Kapteni Chesley Sullenberger, aliyekuwa na miaka 57, alikuwa na dakika tatu na nusu hivi za kuamua. Aliishusha juu ya maji ya mto Hudson, na watu wote 155 wakatoka hai. Kabla yake, tarehe 19 Julai 1989, Kapteni Al Haynes wa United, naye wa miaka 57, alipasukiwa na injini ya mkia, akapoteza nguvu zote za kuongoza ndege yake. Akamwita mbele mwalimu wa urubani aliyekuwa amekaa na abiria, wakaiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza moto wa injini mbili zilizobaki mpaka kiwanja cha Sioux City. Katika watu 296 walipona 184, mahali ambapo ilitazamiwa wafe wote. Watu wazima hawa waliokoa roho nyingi. Lakini angalieni pia kwamba wote wawili walikuwa hawajafika hata 60. Kuwatumia wao kudai 67 ni kuwavika maneno wasiyoyasema.

Wapo watu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliowafuata marubani 3,306 wa ndege ndogo za abiria kwa miaka kumi tangu 1987, wakitoka miaka ya arobaini na kitu kuingia hamsini na kitu. Hawakuona kwamba ajali zinaongezeka kwa umri. Waliona kwamba mwenye saa 5,000 na zaidi za kuruka alikuwa na hatari pungufu kuliko nusu ya yule mwenye saa chache. Ni habari njema. Ila mwenye akili atauliza: wale waliokuwa wagonjwa si walikuwa wamekwisha kutolewa na daktari kila mwaka? Waliobaki kuhesabiwa ndio wale wazima. Na hesabu yenyewe iliishia kabla ya 66. Haiwezi kutuambia habari ya 66.

Na ile methali ya wazee, katika chumba cha marubani ina upande wa pili, na upande huo umetuua sisi wenyewe. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, Boeing 737 mpya, ilipaa Douala kuja Nairobi katika mvua. Ikaanza kulala upande wa kulia polepole, hakuna aliyeitazama, mashine ya kujiongoza haikuwa imeshika, na rubani mkuu alipostuka akachanganyikiwa. Ikaanguka katika mikoko. Watu 114 walikufa, na ndani yao ndugu wa nchi nyingi za Afrika. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52 na msaidizi wake 23. Taarifa ya uchunguzi ilitaja uhusiano mbaya wa kazi baina ya wawili wale. Mkubwa alikuwa mkali wa neno, na mdogo hakuweza kusema kwa sauti kwamba mambo yanaharibika.

Msidhani ni tabia yetu Waafrika peke yetu. Huko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, rubani mkuu wa KLM mwenye miaka 50, mwalimu wa walimu, aliondoa ndege yake kabla ya ruhusa. Fundi wa ndege aliuliza kama ile ya wenzao imekwisha kutoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba ndiyo, akanyamaza. Watu 583 walikufa. Hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo mpaka leo. Sisi tuliolelewa kumwamkia mkubwa na kunyamaza anaposema, tuna kazi zaidi ya kuwafundisha vijana wetu wa angani kusema, "Shikamoo, Kapteni, lakini tunaanguka." Mvi bila mtu wa kuzijibu ni hatari katika umri wowote.

Basi tufike kwenye ombi la 67. Nani analitaka? Wenye mashirika ya ndege. Wanasema marubani hawatoshi. Nchini Marekani Baraza la Wawakilishi lilipitisha 67 mwezi Julai 2023, makampuni ya safari fupi yakishangilia na chama cha marubani kikipinga, lakini sheria iliyotiwa sahihi tarehe 16 Mei 2024 iliacha 65 kama ilivyo. Japani peke yake iliwaruhusu wake tangu 2015 wafike 67, ila haiwezi kuzilazimisha nchi nyingine ziwapokee. Mahakama ya Ulaya nayo ilisema mwaka 2011, katika shauri la marubani watatu wa Lufthansa, kwamba kuwatoa na miaka 60 ni kuwaonea. Na mwaka 2017 ikasema kwamba mwisho wa 65 ni halali. Twaona huo ni mpaka wa haki, na twaukubali.

Twaukubali kwa sababu mpaka lazima uwepo mahali. Daktari hawezi kumwambia mtu mmoja siku yake, lakini anajua vizuri kwamba katika kundi la watu elfu magonjwa ya moyo na kiharusi yanapanda kila mwaka unaoongezeka. Ndiyo maana aliyepita 60 anapimwa kila miezi sita badala ya kumi na miwili. Anayetaka kusogeza mpaka ndiye mwenye kazi ya kuleta ushahidi, na kusema kwamba kufundisha watu ni ghali hakumo katika ushahidi wa usalama. Mwaka 1959 wenye mashirika walitaka wazee watoke kwa kuwa kuwafundisha jeti kungewagharimu. Leo wanataka wazee wakae kwa kuwa kuwafundisha vijana kutawagharimu.

Sasa neno ambalo wanachama wetu vijana hawatalipenda. Tumesikia katika mikutano watu wakisema, toeni wazee, vijana waingie. Mambo hayaendi hivyo. Rubani mkuu akistaafu, nafasi yake inachukuliwa na msaidizi aliyekwisha kuruka saa maelfu. Mjukuu wa bibi ana saa 200 hivi katika ndege ya injini moja. Marekani, baada ya ajali ya Buffalo ya Februari 2009 iliyoua watu 50, tangu 2013 hawamruhusu mtu kuwa msaidizi wa rubani katika shirika la abiria bila saa 1,500, isipokuwa kwa njia chache maalum. Kwa hiyo aliyemfungia mjukuu mlango si yule mzee mwenye mvi. Mlango umefungwa na gharama ya kusomea ndege kubwa yenyewe, ambayo baba aliyekwisha kuuza kiwanja na ng'ombe hana tena cha kuuzia, na shirika halitaki kuilipa, na serikali haijaona kuwa ni kazi yake.

Zamani iliona. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilifungua chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu. Kijana wa Musoma na kijana wa Kisumu wangekaa darasa moja, na baba zao wasiuze hata kuku. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, East African Airways ikafa pamoja nayo, kila nchi ikachukua kipande chake, na Soroti ikabaki upande mmoja. Tumefufua Jumuiya. Tuna bunge lake na mahakama yake Arusha, tuna bendera na wimbo. Kusomesha marubani kwa pamoja kuko wapi?

Na wazee wenyewe? Mtu wa miaka 65 mwenye saa 20,000 za kuruka ni mali ya taifa. Katika simuleta moyo wake ukisumbua, hakuna abiria atakayekufa. Atapewa maji na kupelekwa hospitali. Tulipokuwa wanafunzi wa ualimu alitufundisha mzee mmoja aliyekwisha kustaafu, akaletwa tena kwa mkataba. Hakuweza kusimama kipindi kizima, alikaa kitini na fimbo yake ya kuonyeshea ubao. Hesabu zote zilizo katika makala hii tunazifanya kwa njia aliyotufundisha.

Bibi, kama utasomewa gazeti hili, jibu letu ni hili. Yule mzee aliyekupeleka Dar es Salaam mfurahie, ukijua kwamba pembeni yake alikuwako mwingine, na huyo wa pili ndiye kinga yako. Mjukuu wako usimlilie bado. Tangu 2016 Serikali imekuwa ikinunua ndege kwa fedha zetu sote. Tumeandika maswali matatu ya kupelekwa kwa Mbunge kabla ya kikao kijacho. Kila ndege iliyonunuliwa imetengewa nafasi ngapi za vijana wenye leseni, wasomeshwe kwa mkopo wa kulipwa kwa kazi? Marubani wanaofika 65 wanapewa mkataba wa kufundisha, au wanapewa keki na saa ya ukutani? Na siku ombi la 67 likirudi Montreal, mjumbe wetu atapiga kura gani, na amemuuliza nani?

Makatibu wa matawi wanaotaka nakala ya maswali hayo waje kuichukua ofisini. Saini za wanachama zikusanywe kabla ya mwisho wa mwezi.